Somo la Kwanza la Saikolojia Lilifunzwa Mathari

Muulize mwanafunzi yeyote wa Kenya aliyepitia kozi ya utangulizi wa saikolojia: hii saikolojia ilianzia wapi? Jibu litatoka bila kusita. Leipzig, Ujerumani, mwaka wa 1879, Wilhelm Wundt akifungua maabara yake. Baada ya hapo foleni inajulikana: Freud na ndoto, Pavlov na mbwa, Watson na mtoto aliyefunzwa kuogopa panya mweupe, Skinner na njiwa. Muhula unaisha, mtihani unafanywa, na hakuna hata mmoja kwenye foleni hiyo anayehusishwa na Nairobi.

Mimi pia nilisoma hivyo. Chuo niliacha kabla ya kumaliza, karo ilikuwa imenishinda, lakini noti za kozi ile bado ninazo kwenye boksi chini ya kitanda. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa nasoma kuhusu vita vya Mau Mau, kwa kazi ambayo haikuhusiana kabisa na saikolojia, nikakutana na jina la daktari ambaye hakuwa kwenye noti zangu. Kumbe saikolojia ilifika hapa zamani. Ilikuwa na hospitali. Ilikuwa na mitihani ya akili na bongo za watu kwenye mizani. Ilikuwa hata na kijitabu kilichochapishwa na serikali hapa hapa Nairobi. Na mgonjwa wake mkuu alikuwa Mwafrika wa Kenya.

Basi tupitie mada za kozi ile ile, moja baada ya nyingine, lakini safari hii tukikaa nyumbani.

Kupima akili

Kuna wiki ambayo kila kozi hufunza vipimo vya akili. Hapa Kenya wiki hiyo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati mwanasaikolojia Mwingereza, R.A.C. Oliver, alipokuja kwa pesa za Carnegie na kufanyia kazi Kabete, kwenye Jeanes School. Mwaka wa 1932 alitoa mtihani wa akili uliotengenezwa mahsusi kwa Waafrika. Aliwapa wavulana wa Alliance, halafu akawapa wanafunzi wa kizungu. Wastani wa wavulana wa Alliance ulikuwa chini, lakini baadhi yao waliupita wastani wa wale wazungu. Oliver alikuwa mwangalifu. Hakutaka matokeo yake yasomwe kama ushahidi kwamba rangi moja imezaliwa na akili kuliko nyingine, maana watoto wale walikuwa wamekua katika dunia mbili tofauti kabisa.

Uangalifu huo haukuwasaidia wengi. Daktari aliyekuwa akiangalia hospitali ya Mathari wakati huo, H.L. Gordon, alikuwa na haraka ya kufika kwenye jibu. Mwaka wa 1933 yeye na wenzake walianzisha chama cha kujadili "uboreshaji wa mbari" hapa Kenya. Mwenzake, F.W. Vint, aliyefanya kazi kwenye maabara ya serikali Nairobi, alikuwa akichukua bongo za Waafrika waliofia hospitalini, anazipima uzito, anakata vipande na kuvitazama kwa darubini. Mwaka wa 1934 Vint alichapisha matokeo kwenye jarida la kisayansi la Uingereza: bongo hizo, alisema, ni nyepesi kuliko za Wazungu, na tabaka lake la juu ni jembamba zaidi.

Sasa jiulize kwa nini mtu apime ubongo wa maiti Nairobi mwaka wa 1934. Koloni lilikuwa linabishana Mwafrika apewe shule kiasi gani. Wazazi na makanisa ya Waafrika walikuwa wanajijengea shule zao wenyewe, na walowezi walikuwa na wasiwasi. Gordon alikuwa na jibu lililowafaa: alidai kwamba elimu ya kizungu yaweza kumharibia Mwafrika akili. Kwa hiyo mizani ile haikuwa inapima ubongo peke yake. Ilikuwa inapima madarasa mangapi yajengwe.

Gordon na wenzake waliomba London igharamie utafiti mkubwa zaidi. London ikakataa. Wakosoaji waliuliza maswali ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angepaswa kuyauliza: hao watu walikuwa wanakula nini? Waliugua nini kabla ya kufa? Unalinganishaje na bongo za Ulaya ambazo hukuzipima wewe? Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete na kuzungumza Kikuyu tangu utotoni, alikuwa mmoja wa waliopinga. Kufikia mwisho wa mwongo huo vuguvugu lile lilikuwa limepoa. Lakini wazo halikufa. Lilibadilisha tu mlango.

Sampuli

Mathari ilianza mwaka wa 1910. Kabla ya hapo majengo yale yalikuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Serikali ikayageuza kuwa nyumba ya wendawazimu, na mwaka wa 1924 ikaipa jina la Mathari. Ndani yake wagonjwa waligawanywa kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, kama mabehewa ya treni ya siku hizo.

Mwaka wa 1938 hospitali hiyo ilikabidhiwa daktari aitwaye J.C. Carothers. Alikuwa amehudumu Kenya kama daktari wa kawaida wa serikali kwa karibu miaka kumi. Mafunzo rasmi ya magonjwa ya akili hakuwa nayo alipopewa funguo. Alikaa hadi 1950, na katika miaka hiyo akawa mtu ambaye dunia nzima ingemwita mtaalamu wa akili ya Mwafrika.

Utafiti wake wa kwanza mkubwa, uliochapishwa 1947, ulitokana na Waafrika waliolazwa Mathari kati ya 1939 na 1943. Alihesabu wagonjwa, akagawanya kwa idadi ya watu wa koloni, akakuta namba ndogo sana ukilinganisha na Uingereza. Akahitimisha kwamba wazimu ni nadra kwa Mwafrika anayeishi kijijini kwao, na huzuni nzito ni nadra zaidi, kwa sababu maisha ya kijijini hayamdai mtu abebe majukumu yake mwenyewe. Wanaopata shida, alisema, ni wale waliotoka: wenye ajira, wa mjini, waliosoma.

Hapa ndipo mwanafunzi wa wiki ya pili anainua mkono. Mwalimu, sampuli yako ni nani? Mwaka wa 1940, mama aliyepatwa na wazimu Kitui hakupelekwa Nairobi. Alitunzwa na jamaa zake, au alipelekwa kwa mganga. Aliyefika Mathari ni yule aliyeonekana na serikali: kibarua wa shamba la mlowezi, karani, mtu aliyekamatwa na polisi mjini. Kwa hiyo takwimu za Carothers hazikuonyesha nani anaugua. Zilionyesha nani aliyekuwa karibu na mkono wa serikali. Hilo kosa lina jina kwenye kila kitabu cha kiada, na hakuna mfano bora wa kulifunzia kuliko huu wa kwetu.

Na kuna waliofika Mathari kwa njia nyingine kabisa. Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa mchezaji mpira aliyewahi kuichezea Kenya katika Kombe la Gossage. Baadaye akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa. Aliwaambia watu wake wakatae kazi za kulazimishwa, na akasema waziwazi kwamba wazungu warudi kwao. Mwaka wa 1945 serikali ilimpeleka Mathari. Alikaa huko hadi 1947. Mwaka uliofuata dini yake ilipigwa marufuku. Ukitazama mambo aliyoyadai Masinde, miaka kumi na minane baadaye yalikuwa sera ya taifa huru. Lakini mwaka wa 1945, mtu akiyasema alihesabika kuwa mgonjwa, na bila shaka akawa namba kwenye daftari la hospitali.

Ubongo

Mwaka wa 1949 daktari Mreno, Egas Moniz, alipewa Tuzo ya Nobel kwa upasuaji wa kukata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine. Waliofanyiwa walitulia, ndiyo, lakini wengi walibaki kama watu waliozimwa taa: hawapangi, hawajali, hawaoni mbali.

Mwaka wa 1951 Carothers aliandika makala akisema tabia za Mwafrika wa kawaida zinafanana sana na za Mzungu aliyekatwa ubongo namna hiyo. Soma tena. Hakuwa anasema kuhusu mgonjwa. Alikuwa anasema kuhusu nyanyako akiwa shambani, babu yako akiwa kwenye baraza la wazee, akina mama wakipanga merry-go-round yao ya mwezi. Hakumpasua mtu hata mmoja kuthibitisha. Alilinganisha orodha ya tabia na orodha ya tabia, basi.

Halafu Shirika la Afya Duniani likampa kazi. Mwaka wa 1953 likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa. Mwafrika wote! Kutoka Dakar hadi Durban, kwa ushahidi ambao sehemu yake kubwa ilitoka kwa wagonjwa wa hospitali moja kando ya bonde la Mathare na kwa maandishi ya wazungu wengine wa makoloni.

Kundi na mtu binafsi

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Wapiganaji wa msituni walijiita jeshi la ardhi na uhuru, na majina huwa hayadanganyi: walitaka ardhi, walitaka uhuru. Serikali ilihitaji maelezo mengine. Mwaka wa 1954 ikamwalika Carothers, ambaye sasa aliishi Uingereza, arudi aeleze Wakikuyu wana nini.

Kijitabu chake, *The Psychology of Mau Mau*, kilitoka mwaka huo huo. Maelezo yake kwa ufupi ni haya: Mkikuyu amekwama katikati. Mila za zamani zilizomshikilia zimelegea, na ustaarabu mpya haujamkubali. Mazingira ya msituni yamemfanya mtu wa siri na wa kujitegemea kuliko majirani zake. Wakija watu wachache wenye hila, wakaleta kiapo cha kutisha, anaporomoka. Kwa maelezo hayo, suala la shamba lililochukuliwa linageuka kuwa kelele ya pembeni. Kinachobaki katikati ya meza ni kichwa cha Mkikuyu.

Ukishakubali kwamba shida iko kichwani, suluhisho pia litakuwa la kichwani. Carothers alipendekeza watu waliotawanyika kwenye vilima wakusanywe vijijini. Si yeye aliyelibuni wazo hilo. Waingereza walikuwa tayari wamelitumia Malaya. Lakini sasa lilikuwa na baraka za daktari. Kuanzia katikati ya 1954, zaidi ya watu milioni moja wa Kati waliondolewa kwenye maboma yao na kuingizwa katika vijiji zaidi ya 800, vyenye mitaro, miba na saa za kutotoka nje. Wengi wao walikuwa wanawake, watoto na wazee, kwa sababu wanaume walikuwa kizuizini, msituni au makaburini. Kwa serikali hiyo ilikuwa hatua ya usalama na ya maendeleo. Kwa aliyeishi ndani, kilikuwa kijiji chenye walinzi na njaa.

Tiba

Kwenye kambi za vizuizi lugha ya hospitali iliendelea. Thomas Askwith, afisa aliyepewa kazi ya urekebishaji, alikuwa ametumwa Malaya mwaka wa 1953 kujifunza mbinu zao. Nadharia ilikuwa kwamba kiapo ni kama sumu, na mtu akikiri ametapika sumu. Wafungwa walipangwa kwa rangi, weupe, kijivu na weusi, kulingana na kiasi walichohesabiwa "kupona". Aliyekiri alisogezwa kambi moja karibu na kwao. Aliyekataa alisogezwa mbali zaidi.

Swali ambalo nadharia hiyo haikuweza kulijibu ni hili: utafanyaje na mtu ambaye hajaugua? Yule anayesema, kwa utulivu kabisa, kwamba alikula kiapo kwa sababu anataka shamba la babake? Kwa mtazamo wa kambi, utulivu wake ndio uliokuwa dalili mbaya zaidi. Askwith mwenyewe alilalamikia ukatili uliokuwa ukiongezeka, na mwaka wa 1957 akaondolewa kwenye kazi hiyo. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wanaume 11 waliokataa kufanya kazi walipigwa hadi wakafa. Walioanza kwa kuita upinzani ugonjwa walimalizia na rungu.

Waliojibu

Jibu halikuchelewa. Nigeria, daktari T. Adeoye Lambo alifungua mwaka wa 1954 mpango wa Aro, karibu na Abeokuta, ambapo wagonjwa waliishi vijijini pamoja na jamaa zao wakati wa matibabu, na waganga wa kienyeji walishirikishwa. Pale, kijiji kilikuwa tiba, si kizuizi. Lambo alimpinga Carothers katika majarida yale yale ya kitaalamu aliyoyatumia.

Algeria, Frantz Fanon alikuwa daktari wa akili katika hospitali ya Blida-Joinville kuanzia 1953. Huko aliwakuta madaktari wa Kifaransa wenye nadharia zinazofanana na za Nairobi. Kwenye kitabu chake cha 1961, ambacho kwa Kiswahili kinaitwa *Viumbe Waliolaaniwa*, Fanon anamtaja Carothers kwa jina. Hoja yake ni kwamba madaktari hawa walichukua matokeo ya ukoloni wakayaita maumbile ya mkoloniwa. Fanon unamjua, huenda una fulana yake. Lakini ni wangapi kati yetu tunajua kwamba mmoja wa watu aliokuwa akibishana nao alitoka hapo Thika Road?

Kujifunza upya

Singependa umalize ukidhani saikolojia ni uongo mtupu. Zana zile zile, mikononi mwa mtu anayesikiliza, zilitupa vitu vizuri.

Miaka ya 1970 Charles Super alikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, akitazama watoto wachanga. Wataalamu walikuwa wamezoea kusema watoto wa Kiafrika hukaa na kutembea mapema kwa sababu ndivyo walivyozaliwa. Super aliangalia akina mama wanafanya nini. Wanafunza! Wanamkalisha mtoto kwa makusudi, wanamshika mikono atembee, na lugha yao ina maneno maalum ya mafunzo hayo. Vitu ambavyo akina mama hawakuvifunza, kama kutambaa, watoto hawakuvifanya mapema. "Maumbile" yalikuwa kazi ya mama kila siku.

Halafu kuna Usenge, kando ya Ziwa Victoria, ambako Robert Sternberg na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kenya kama Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walichapisha utafiti mwaka wa 2001. Waliwapima watoto kuhusu dawa za mitishamba: hii inatibu nini, unatumia kiasi gani. Kisha wakawapa mitihani ya kawaida. Waliojua dawa vizuri zaidi walielekea kupata alama za chini kwenye baadhi ya mitihani ya kishule, na kinyume chake. Watafiti wale wale waliwauliza watu akili ni nini, wakapewa maneno manne ya Kijaluo: *rieko*, maarifa na ujuzi, *luoro*, heshima, *winjo*, kuelewa na kujua la kufanya, *paro*, kufikiri na kuanzisha jambo. Mtihani wa Oliver wa 1932 ungegusa neno moja tu kati ya hayo manne, tena si lote.

Tatizo hili si la Kenya peke yake. Mwaka wa 2010 Joseph Henrich na wenzake walikumbusha dunia kwamba karibu asilimia 96 ya waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu duniani. Carothers alichukua Mathari akaiita Afrika. Vitabu vyetu vya kiada vimechukua wanafunzi wa vyuo vya Marekani vikawaita binadamu.

Na kwa nini historia hii ikuhusu, wewe unayesoma kwenye simu ndani ya matatu? Kwa sababu tabia ile haijaondoka na bendera. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kuhusu Mswada wa Fedha, wakiwa wameusoma kifungu kwa kifungu. Majibu mengi waliyopewa hayakuhusu kodi. Waliambiwa wamelipwa, wamepotoshwa na mitandao, hawakulelewa vizuri, wana hasira za ujana. Sisemi 2024 ni 1954. Nasema ukisikia mwenye mamlaka anaeleza kichwa chako badala ya kujibu swali lako, unajua somo hilo liliandikwa lini na lilichapishwa mji gani.

Mathari bado ipo. Leo ni hospitali ya kitaifa ya rufaa na mafunzo, na wanaofanya kazi mle ndani wanajitahidi katika nchi ambapo jina la hospitali yao bado ni tusi la uwanja wa shule. Siku moja mhadhiri fulani angeweza kuacha slaidi za Leipzig zisubiri wiki moja. Awapeleke wanafunzi wake Thika Road, wasimame nje ya lango, awape karatasi ya Carothers ya 1947 na swali moja: ni nani ambaye hakuhesabiwa? Mwanafunzi atakayelijibu vizuri ameshafaulu nusu ya kozi.